Chuo kilichozaliwa na ubaguzi, na deni ambalo halijalipwa

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo mwezi wa Oktoba, mji wa Greensboro katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani, hubadilika sura. Hoteli hujaa, baadhi ya barabara hufungwa, na makumi ya maelfu ya wahitimu hurejea katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Ufundi cha North Carolina, kinachojulikana zaidi kwa jina la North Carolina A&T, kwa sherehe ya kukumbuka chuo chao.

Bendi ya chuo, Blue and Gold Marching Machine, hupita mitaani ikipiga matarumbeta na ngoma. Vijana wa vyama vya wanafunzi hucheza kwa kupiga makofi na kukanyaga ardhi kwa mpigo mmoja. Wazee waliohitimu nusu karne iliyopita huketi chini ya mahema pamoja na wajukuu wao, huku nyama ikichomwa kandokando.

Mgeni anayeiona sherehe hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuwa hapa ni mahali ambapo hakujawahi kupungua kitu. Historia ya chuo hicho, pamoja na hesabu za fedha zake, zinaeleza jambo tofauti.

Sheria ya mwaka 1890

Mwaka 1862 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopendekezwa na mbunge Justin Morrill, ambayo iliyapa majimbo ardhi ya serikali kuu ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Watu weusi, ambao wengi wao wakati huo walikuwa bado watumwa, hawakuhesabiwa katika mpango huo. Hata baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, vyuo hivyo katika majimbo ya Kusini viliendelea kuwafungia milango.

Sheria ya pili, ya mwaka 1890, iliyataka majimbo yachague moja kati ya mambo mawili. Jimbo lililotaka fedha za serikali kuu lilipaswa ama kupokea wanafunzi bila kujali rangi, ama kuwa na chuo cha pili kwa ajili ya watu weusi na kugawa fedha hizo kwa haki baina ya vyuo viwili. Majimbo ya Kusini yalichagua njia ya pili. Hadi leo vipo vyuo vikuu 19 vinavyohesabiwa katika kundi hilo. Tofauti na vile vya mwaka 1862, vyuo hivi havikupewa ardhi, bali fedha taslimu pekee.

North Carolina tayari ilikuwa na chuo cha wazungu mjini Raleigh, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha North Carolina State. Kwa hiyo, Machi 1891, bunge la jimbo lilianzisha chuo cha watu weusi. Masomo yalianza katika majengo ya kuazima mjini humo, kabla ya chuo kuhamia Greensboro mwaka 1893.

Sharti lile la kugawa fedha kwa haki ndilo kiini cha mgogoro unaoendelea hadi leo.

Hesabu ya dola bilioni mbili

Septemba 2023, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Marekani, Miguel Cardona, na aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Tom Vilsack, waliwaandikia barua magavana wa majimbo 16. Wizara zao zilikuwa zimelinganisha fedha ambazo kila jimbo lilitoa kwa kila mwanafunzi katika chuo cha mwaka 1862 na katika chuo cha mwaka 1890, kwa kipindi cha kuanzia 1987 hadi 2020. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, vyuo vya watu weusi vilipunjwa jumla ya zaidi ya dola bilioni 12. Katika hizo, A&T peke yake ilipungukiwa na takriban dola bilioni 2.

Je, upungufu huo unatokeaje wakati sheria za ubaguzi zilifutwa zamani? Sehemu ya jibu imo katika utaratibu wa bajeti. Fedha za serikali kuu kwa ajili ya utafiti wa kilimo na elimu kwa wakulima hutolewa kwa sharti kwamba jimbo nalo lichangie dola moja kwa kila dola moja. Hata hivyo, kwa vyuo vya mwaka 1890, jimbo linaweza kuombewa msamaha wa hadi nusu ya mchango huo. Wakati huohuo, mara nyingi chuo cha wazungu cha zamani hupata mchango kamili, na hata zaidi ya kiwango kinachotakiwa.

Ukubwa wa pengo hilo huonekana vizuri ukilinganishwa na zawadi. Mwaka 2020 tajiri MacKenzie Scott aliipa A&T dola milioni 45, zawadi ambayo hadi wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote katika historia ya chuo. Lakini dola bilioni 2 zikigawanywa kwa miaka ile 33 ni wastani wa dola milioni 60 hivi kwa mwaka. Maana yake ni kwamba zawadi hiyo kubwa haikutosha kuziba pengo la mwaka mmoja.

Barua ya mawaziri haikuwa hukumu ya mahakama, na haikumlazimisha gavana yeyote kulipa. Baadhi ya wanasiasa wa majimbo yaliyotajwa waliipinga hesabu yenyewe.

Kutoka bwenini hadi barabarani

Pamoja na uhaba huo, maisha ya wanafunzi wa A&T yamegusa historia ya Marekani kwa kiwango ambacho vyuo vingi vyenye fedha havikukifikia.

Mwanzoni mwa mwaka 1960, vijana wanne wa mwaka wa kwanza, Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, walikuwa na desturi ya kukesha wakijadiliana katika bweni la Scott. Februari 1 walikwenda katika duka la Woolworth, wakanunua vitu vidogo vidogo na fedha zao zikapokewa. Kisha wakaketi kwenye kaunta ya chakula iliyotengwa kwa wazungu na kuagiza kahawa. Walinyimwa, nao hawakuondoka hadi duka lilipofungwa.

Kesho yake walirudi na wenzao. Wasichana wa Chuo cha Bennett kilicho jirani nao walijiunga, na mgomo huo wa kuketi ukasambaa katika miji mingi ya Kusini. Julai 25 mwaka huohuo, Woolworth ya Greensboro ilianza kuwahudumia watu weusi kwenye kaunta hiyo.

Bweni hilohilo lilikuja kushuhudia msiba. Mei 1969, baada ya mzozo katika shule ya sekondari ya Dudley kuenea hadi chuoni, askari wa jimbo walivamia kampasi. Mwanafunzi Willie Grimes, mwenye umri wa miaka 20, aliuawa kwa risasi. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kifo chake.

Katika mazingira hayo ndimo Ronald McNair aliposoma fizikia, akahitimu mwaka 1971 na baadaye kuwa mwanaanga. Alifariki dunia Januari 28, 1986, katika ajali ya chombo cha Challenger.

Mpaka katikati ya kampasi

Mwaka 2016, wabunge wa jimbo walipochora upya majimbo ya uchaguzi ya Bunge la Marekani, mpaka mmoja ulipita katikati ya kampasi kwa kufuata barabara ya Laurel. Wanafunzi wa upande mmoja wakawa wapiga kura wa jimbo la 6, na wenzao wa ng'ambo ya barabara wakawa wa jimbo la 13. Kuhama bweni kukawa ni kuhama jimbo, na nguvu ya kura za chuo ikagawanyika. Ramani hiyo ilizuiwa na mahakama ya jimbo mwaka 2019, na kufikia uchaguzi wa 2020 kampasi ilikuwa imerudishwa katika jimbo moja la uchaguzi.

Leo A&T hupokea wanafunzi wa rangi zote. Mwaka 2024 idadi yao ilivuka 14,000, na kukifanya kuwa chuo cha kwanza cha kihistoria cha watu weusi kufikia kiwango hicho. Wengi wangeweza kwenda kwingine, lakini huchagua mahali ambapo kijana mweusi aingiapo darasa la uhandisi hakuti kuwa yeye ni mweusi pekee.

Idadi hiyo inapoongezeka, ndivyo mahitaji ya mabweni, maabara na wahadhiri yanavyoongezeka. McNeil alifariki dunia Septemba 2025, na kati ya wale wanne akabaki Blair peke yake, ambaye sasa huitwa Jibreel Khazan. Sanamu yao imesimama mbele ya jengo la Dudley, mahali ambapo wanafunzi hupita waendapo darasani. Utaratibu uliowanyima kahawa umekwisha kufutwa. Mgawo wa haki ulioahidiwa mwaka 1890 bado unasubiriwa.