Mchagua Jembe si Mkulima? Uteuzi wa Pedali za Kufunga katika Baiskeli ya Mbio

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Waliilenga methali hiyo kwa mvivu atafutaye kisingizio cha kutoingia shambani. Hata hivyo, zipo shughuli ambazo zana isiyofaa humdhuru mtendaji mwenyewe, na uendeshaji wa baiskeli ya mbio ni mojawapo. Mwendeshaji mzoefu huzungusha pedali mara 80 hadi 90 kwa dakika. Kwa saa moja basi, kila goti hujikunja na kujikunjua takriban mara 5,000. Kosa dogo katika mkao wa unyayo, likirudiwa mara zote hizo, halibaki dogo tena. Makala haya yanadhamiria kufafanua mifumo mikuu ya pedali zinazofunga kiatu, kuonyesha inavyotofautiana, na kubainisha vigezo vya kuteua mmoja wayo.

Usuli na tatizo la jina

Kwa miongo mingi, mwanambio aliingiza ncha ya kiatu chake katika kizimba kidogo cha chuma kilichofungwa mbele ya pedali, kisha akakaza ukanda wa ngozi juu ya kiatu. Alipotaka kusimama, ilimlazimu kuinama na kulegeza ukanda huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Cinelli ya Italia ilibuni pedali iliyokishika kiatu bila kizimba, lakini bado mwendeshaji alihitaji mkono ili kujifungua. Mapinduzi yalitokea mwaka wa 1984. Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa mashuhuri kwa vifaa vya kufungia viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilihamishia ujuzi huo katika baiskeli: mguu unafungika kwa kukanyaga na kufunguka kwa kukizungusha kisigino upande wa nje. Bernard Hinault alishinda mashindano ya Tour de France ya 1985 akitumia pedali hizo, na baada ya miaka michache kizimba na ukanda vikaanza kutoweka mashindanoni.

Hapa ndipo penye kitendawili cha kiisimu. Waingereza waliziita pedali hizi kwa jina lenye maana ya 'zisizo na klipu', ilhali zinaushika mguu kwa uthabiti kuliko zilizotangulia. Jina hilo linataja kilichoondolewa, yaani kizimba, wala halitaji kinachofanyika. Ajuaye historia hataona ajabu, asiyeijua atapotoka. Kiswahili hakilazimiki kuurithi mkanganyiko huo. Makala haya yanatumia istilahi 'pedali za kufunga', kwa kuwa inaeleza kazi ya chombo. Kile kipande cha plastiki au chuma kinachokazwa kwa skrubu chini ya soli ili kinaswe na pedali kitaitwa 'kliti'.

Mifumo mikuu

Kwanza ni mfumo wa Look, ambao sasa hujulikana kwa jina la Keo. Kliti yake ni ya plastiki, ni pana, na hukazwa kwa skrubu tatu. Ieleweke kwamba kliti za mfumo wa awali wa kampuni hiyohiyo, uitwao Delta, haziingiliani na pedali za Keo.

Pili ni mfumo wa SPD-SL wa kampuni ya Shimano ya Japani. Huu nao hutumia kliti pana ya plastiki na skrubu tatu. Kwa hivyo, kiatu kimoja chenye matundu matatu kinaweza kubeba kliti ya Keo au ya SPD-SL. Licha ya kufanana huko, kliti ya mfumo mmoja haifungi ipasavyo katika pedali ya mwingine. Pedali za mifumo hii miwili huingiwa upande mmoja tu. Upande wa nyuma wa pedali ni mzito na huning'inia, hivyo mwendeshaji huigusa kwa ncha ya kiatu ili kuilaza kabla ya kuikanyaga.

Tatu ni Speedplay, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Richard Bryne na kununuliwa na kampuni ya Wahoo mwaka wa 2019. Huu umegeuza mpango mzima: springi imo ndani ya kliti, na pedali yenyewe ni kidude kidogo cha mviringo kinachoingiwa pande zote mbili. Kliti yake hukazwa kwa skrubu nne, ama moja kwa moja kwenye kiatu kilichotengenezewa mfumo huo au kupitia bamba linalokaa juu ya matundu matatu ya kawaida.

Nne ni mfumo wa SPD, uliotolewa na Shimano mwaka wa 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani. Kliti yake ni ndogo, ya chuma, yenye skrubu mbili, na hukaa ndani ya shimo la soli. Kwa sababu hiyo, mvaaji hutembea bila kuikanyagia. Aghalabu pedali zake huingiwa pande zote mbili.

Rangi moja, maana mbili

Suala linalohusu goti moja kwa moja ni kiasi ambacho kisigino kinaweza kugeuka kabla ya kliti kufunguka. Miguu ya binadamu hailingani: baadhi ya watu huelekeza vidole nje, wengine ndani, na wengine hubadilika kadiri pedali inavyozunguka. Mguu ukifungwa pasipo nafasi yoyote katika mwelekeo usio wake, goti ndilo hubeba msokoto huo. Kamba hukatikia pabovu.

Watengenezaji hutofautisha nafasi hiyo kwa rangi za kliti. Katika mfumo wa Keo, kliti nyeusi haitoi nafasi yoyote, ya kijivu hutoa digrii 4.5, na nyekundu hutoa digrii 9. Katika SPD-SL, nyekundu haitoi nafasi yoyote, ya buluu hutoa digrii 2, na ya manjano digrii 6. Mtu aliyezoea kliti nyekundu za Keo akihamia SPD-SL, kisha akaagiza nyekundu kwa mazoea, atakuwa ametoka kwenye uhuru mkubwa zaidi na kuingia katika kifungo kamili. Wanafunzi wa isimu watamkumbuka Ferdinand de Saussure na hoja yake kwamba uhusiano kati ya kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu, na kwamba thamani ya ishara hutokana na mfumo iliyomo. Wekundu hauna maana yake wenyewe. Una maana ndani ya Keo na maana nyingine ndani ya SPD-SL. Aghalabu somo hili hufundishwa kwa maneno; hapa kosa la kuisoma ishara huishia gotini. Katika Speedplay Zero hakuna rangi za kukariri: skrubu ndogo humwezesha mwendeshaji kujipangia nafasi yake, kuanzia sifuri hadi digrii 15.

Vigezo vya uteuzi

Kigezo cha kwanza ni safari yenyewe. Anayeendesha saa nne mfululizo bila kushuka atafaidika na kliti pana ya skrubu tatu, kwa sababu husambaza shinikizo kwenye eneo kubwa la unyayo. Lakini anayepita barabara ya Ngong asubuhi, akisimama kila baada ya mita chache, kisha akapanda ngazi kuelekea ofisini, atateleza na kuilika plastiki hiyo upesi. Huyu SPD inamfaa zaidi, hata kama baiskeli yake ni ya mbio. Baiskeli haitamzuia, kwani pedali za mifumo hii yote kwa kawaida hutumia uzi wa skrubu wa ukubwa mmoja. Asisahau tu kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume na desturi.

Kigezo cha pili ni goti. Asiye na hakika aanze na nafasi ya wastani, yaani ya manjano katika SPD-SL au ya kijivu katika Keo. Mwenye maumivu ya zamani aifikirie Speedplay. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ushauri wa mwenzake aliye mzima hautoshi.

Kigezo cha tatu ni gharama ya baadaye. Pedali hudumu miaka mingi, lakini kliti za plastiki huchakaa. Mfumo ambao kliti zake hazipatikani karibu utageuka mzigo.

Fauka ya hayo, unene wa pedali na kliti hutofautiana baina ya mifumo. Abadilishaye mfumo sharti apime upya urefu wa kiti chake. Anayeanza naye alegeze mkazo wa springi pale unapolegezeka, ajifunze kwenye nyasi, na afungue mguu mmoja kabla ya kusimama. Wengi huanguka wakiwa wamesimama, na katikati ya magari anguko hilo si la kuchekwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba hakuna mfumo ulio bora kwa watu wote. Mwendeshaji hana budi kuanza na mguu na safari yake, kisha kiatu, na mwisho pedali. Kwa wapenzi wa Kiswahili, lipo jukumu la ziada. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Mchezo umefika mlangoni, na fundi, muuzaji na mtangazaji wanahitaji maneno yanayoeleweka. Anayeuza kliti bila kuweza kumweleza mnunuzi tofauti ya nyekundu na nyekundu anamuuzia maumivu. Mkulima, basi, asilichague jembe ili akwepe kulima. Ila anayekusudia kulima hadi jua kutua ana haki ya kuutazama mpini kwanza.