Njiti ya Kiberiti Haipimi Asali

Swali ambalo wakemia wa vyakula huulizwa kila mara ni iwapo asali halisi ni ile ambayo njiti ya kiberiti iliyochovywa ndani yake huwaka inapokwaruzwa. Kichwa cha njiti huwaka pale klorati ya potasiamu iliyomo inapokutana na fosforasi nyekundu ya ubavuni mwa kasha, nacho hukataa kuwaka kikiloa. Kwa hiyo kinachochunguzwa hapo, tena kwa kubahatisha, ni wingi wa maji, wala si kazi ya nyuki. Shira ya sukari iliyochemshwa jikoni mpaka ikawa inashuka kutoka kijikoni kwa utepe mmoja usiokatika itairuhusu njiti kuwaka sawasawa na asali ya Tabora, ilhali asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo watu huisaka kwa bei kubwa, kwa kawaida huwa na maji zaidi ya asilimia 20 na huweza kuizima njiti ingawa hakuna aliyeichakachua. Jaribio linalompitisha mdanganyifu na kumwangusha mrina asali mwaminifu halistahili kuitwa kipimo, na ni dhuluma kuendelea kulifundisha.

Majaribio mengine ya nyumbani nayo hayafai: tone linalozama ndani ya glasi ya maji bila kutawanyika huonyesha uzito uleule ambao shira pia inao, na imani kwamba sisimizi huikwepa asali halisi haihitaji mjadala, kwani zaidi ya nusu ya asali ni sukari. Imani yenye madhara makubwa zaidi ni ile isemayo kwamba asali iliyoganda imetiwa sukari. Asali huganda kwa sababu glukosi, mojawapo ya sukari zake mbili kuu, hujitenga na kuwa chembe ngumu, na asali safi yenye glukosi nyingi huganda mapema. Muuzaji anayerudishiwa chupa kwa kosa hilo lisilo kosa huichemsha ili ing'ae tena, na joto hilo huzalisha kemikali iitwayo hidroksimethilifurfurali, yaani HMF, ambayo kiwango cha kimataifa cha Codex huiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto; hivyo mnunuzi aliyekimbia asali nzima huishia kuuziwa iliyoungua.

Maabara haina chombo kimoja kinachojibu "halisi au bandia". Refraktomita, inayopima jinsi mwanga unavyopinda ukipita katika tone moja lililowekwa juu ya kioo, hutaja kiasi cha maji, ambacho Codex hukikomesha kwenye asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Kromatografia, inayotenganisha viambato vya kimiminika kwa kuvipitisha katika mrija uliojazwa chembechembe, hupima HMF na kila aina ya sukari. Sukari ya miwa au ya mahindi hufichuliwa na kaboni yenyewe. Kaboni ina aina mbili zisizooza, nyepesi ya 12 na nzito ya 13, na miwa na mahindi hubakiza ile nzito kwa wingi kidogo kuliko miyombo na miti mingine mingi inayowapa nyuki nekta. Mchambuzi hufunga sampuli ndogo sana katika kifuko cha bati jembamba, huichoma mpaka iwe gesi ya kabonidioksidi, kisha spektrometa ya masi hutenganisha molekuli za uzito wa 44 na 45 kwa nguvu ya sumaku. Protini kidogo iliyomo ndani ya asali hupimwa pia, nayo huwa shahidi asiyehongeka, kwa kuwa sukari iliyoongezwa baadaye haiibadilishi. Hata hivyo shira ya mchele na sukari ya viazisukari hupita mtego huu, kwa sababu mimea hiyo huchagua kaboni kama miti ya maua, na hapo hulazimu mbinu nyingine.

Mnunuzi na aende kwa mrina anayeweza kuonyesha mizinga yake, aulize tarehe ya kurina, asiikatae asali iliyoganda bali aiweke chupa katika maji ya vuguvugu; anayenunua kwa madebe apate refraktomita ya mkononi ya asali, kwani ya juisi haifiki kiwango cha sukari kilichomo katika asali; na palipo na mgogoro, sampuli ifungwe kwa lakiri mbele ya pande zote mbili na ipelekwe kwenye maabara ya vyakula inayotambuliwa, ikiandamana na swali mahsusi: maji kiasi gani, HMF kiasi gani, sukari ya miwa imo au haimo.