Masasi yamenyamaza, lakini usingizi haurudi: sababu ni nini?

Masasi yakilia karibu, tezi mbili ndogo zenye kukaa juu ya mafigo zinatoa homoni inayoitwa kortizoli. Inaongeza sukari katika damu ili mtu apate nguvu ya kukimbia ao kujificha. Hapo inasaidia.

Hatari iko pale woga unadumu miezi mingi, kama vile katika kambi za wakimbizi. Kortizoli inaweza kubaki juu hata usiku, wakati ilipaswa kushuka. Usingizi unapotea, mtu anasahau-sahau, anakasirika bure. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu nayo inaweza kuumia.

Huo si ulozi, wala si uvivu. Mtu wa nyumbani akikaa hivyo majuma mawili, asichekwe: asikilizwe, apelekwe kwenye kituo cha afya.