Bei ya Prosesa Haiishii Dukani

Toongabbie iko yapata kilomita 30 magharibi ya katikati ya jiji la Sydney, na upepo wa bahari hufika huko ukiwa umeshapungua nguvu. Penrith, iliyo magharibi zaidi, ilirekodi nyuzi joto 48.9 tarehe 4 Januari 2020. Anayenunua kompyuta ya mezani katika eneo hilo anahitaji kujiuliza jambo ambalo orodha za prosesa bora hulipa nafasi ndogo: joto litakalotoka humo litaenda wapi?

Umeme wote unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto. Core i9-13900K ya Intel, iliyotoka 2022, ina viini 24, yaani vitengo vya kuchakata vinavyofanya kazi sambamba, na inaruhusiwa kuvuta hadi wati 253. Maelezo yake yanataja pia wati 125, na hiyo ndiyo namba ambayo wauzaji wengi huitanguliza, lakini si ukomo wake. Core i5-12400, yenye viini 6, ukomo wake ni wati 117. Feni kubwa au kipozeo cha maji hakiliondoi joto hilo, kinalihamisha tu kutoka ndani ya kasha na kulimwaga chumbani, kisha kiyoyozi kitumie umeme mwingine kulitoa nje.

Tofauti ya wati 136, kwa saa 4 za kazi nzito kila siku, ni karibu uniti 199 kwa mwaka. Tukichukua senti 35 za Australia kwa uniti, ni dola 70 hivi. Hata hivyo bili hufuata wati na muda kwa pamoja. Anayehariri video za harusi atakuta prosesa kubwa inamaliza kazi mapema na kutulia, kwa hiyo gharama haipandi kwa kiasi kile kile. Mchezaji wa michezo ya kompyuta hana nafuu hiyo. Michezo haiifikishi prosesa kwenye ukomo wake mara nyingi, lakini saa tatu za kucheza hubaki saa tatu.

Wingi wa viini nao una mipaka, na mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl aliionyesha mwaka 1967. Chukua kazi ambayo asilimia 80 yake inaweza kugawanywa na asilimia 20 lazima ifanywe hatua kwa hatua. Viini 4 vitaiharakisha mara 2.5, viini 8 mara 3.3, viini 16 mara 4. Hata vikiwa elfu moja, haitafika mara 5, kwa sababu ile sehemu isiyogawanyika inabaki pale pale. Programu nyingi za nyumbani ziko hivyo. Ndiyo maana kulipa maradufu ili kupata viini maradufu kuna maana kwa mwenye kazi zinazogawanyika vizuri, kama kugeuza video, na kwa wengine ni fedha iliyolala.

Gigahezi pia hazitoshi kuamua. Mwezi Aprili 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D, yenye viini 8 sawa na 5800X iliyoitangulia, tena yenye kasi ndogo kidogo: gigahezi 4.5 badala ya 4.7. Katika michezo mingi iliishinda. Siri yake ilikuwa kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe, iliyopandishwa kutoka megabaiti 32 hadi 96 kwa kubandika tabaka la pili juu ya la kwanza. Prosesa hupoteza muda mwingi ikisubiri data kutoka RAM, na kache kubwa hupunguza safari hizo. Katika kugeuza video, ambako kusubiri ni kidogo, ile ya zamani ilitangulia. Kwa hiyo ubora wa prosesa hauwezi kutajwa bila kutaja kazi.

Kuhusu bei, orodha nyingi za thamani hupigwa kwa dola za Marekani, ambako bei hutangazwa bila kodi ya mauzo. Bei ya dukani Australia tayari ina kodi ya asilimia 10, kwa hiyo kubadilisha sarafu tu kunapotosha. Halafu kuna madabodi, ubao wenye soketi ambamo prosesa hupachikwa. Soketi ya AM4 ya AMD ilipokea Ryzen za 2017 na baadaye zile za mfululizo wa 5000, na wenye madabodi nyingi za mwanzo waliweza kubadilisha prosesa peke yake. Mwenye Core ya kizazi cha 14 hana njia hiyo, maana prosesa za mezani za Intel zilizofuata, Oktoba 2024, zilikuja na soketi nyingine.

Kwa mwanafunzi wa kuandika na kusoma mtandaoni, kompyuta ya ofisi iliyotumika inatosha kabisa, na fedha inayobaki inunue SSD na RAM ya gigabaiti 16. Lakini msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 kwa jumla inataka kizazi cha 8 au zaidi. Core i5-7500 imeachwa nje, i5-8500 imo. Kibandiko cha "Core i5" kimekuwa kwenye kompyuta tangu 2009 na hakielezi kizazi, kwa hiyo mnunuzi aombe mashine iwashwe, afungue mipangilio na asome namba kamili kabla ya kutoa fedha.