Dakika 20 zinazoweza kuliokoa goti la mchezaji chipukizi

MICHEZO ya shule za upili inapopamba moto, ni jambo la kawaida kumwona mchezaji akiruka kuwania mpira, akitua, kisha akianguka huku amelishika goti, ilhali hakuna mpinzani aliyemgusa.

Mashabiki hudhani ameteleza tu. Hata hivyo, huenda iliyokatika ni kano iliyo katikati ya goti, ambayo huuzuia mfupa wa muundi kusogea mbele kupita kiasi na kulipa goti uthabiti mtu anapogeuka ghafla.

Jeraha hili haliponi kwa kukandwa maji moto. Mara nyingi huhitaji upasuaji, na mchezaji hulazimika kukaa nje kwa takriban miezi tisa au zaidi. Isitoshe, goti lililoumia hivyo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata baridi yabisi miaka ya baadaye. Kwa mwanafunzi anayetegemea kipaji chake kupata ufadhili wa masomo, kuanguka huko kunaweza kuzima ndoto yake.

Walio hatarini zaidi ni wasichana. Katika soka na mpira wa vikapu, uwezekano wao wa kuumia kano hiyo ni mara mbili au zaidi ukilinganishwa na ule wa wavulana. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni kwamba wanapobaleghe, miili yao hurefuka na kuongeza uzani, lakini nguvu za misuli ya mapaja na nyonga haziongezeki kwa kiwango sawa na za wavulana. Aidha, wengi wao hutua magoti yakiwa yamenyooka au yakielekeana kwa ndani.

Ni kutokana na hali hii ambapo mnamo 2006 Shirikisho la Soka Duniani (FIFA), likishirikiana na wataalamu kutoka Norway na Marekani, lilibuni mazoezi ya kupasha misuli moto yajulikanayo kama FIFA 11+.

Mazoezi hayo 15 huchukua dakika 20 na hugawanywa katika sehemu tatu. Kwanza, wachezaji hukimbia polepole kwa dakika nane huku wakizungusha nyonga na kusukumana kwa mabega. Dakika 10 zinazofuata ni za kuimarisha misuli ya tumbo na mapaja, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa na kuruka. Hatimaye huja dakika mbili za mbio za kasi na kugeuka ghafla.

Matokeo yake yamepimwa. Katika msimu wa 2007 nchini Norway, utafiti uliowahusisha wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17 ulionyesha kuwa katika timu zilizofuata mpango huo, majeraha ya jumla yalipungua kwa karibu thuluthi moja na yale mabaya kwa karibu nusu. Barani Afrika, utafiti kuhusu timu 20 za vijana wa kiume jijini Lagos, Nigeria, uliochapishwa 2014, ulionyesha majeraha yakipungua kwa asilimia 41.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mpango huu hauhitaji ukumbi wa kisasa. Mpira, vibao vichache vya kuwekea alama na uwanja wa shule vinatosha. Wanavoliboli, wanahandiboli na wachezaji wa netiboli, ambao pia huruka na kugeuka, wanaweza kunufaika na mazoezi ya aina hiyo.

Hata hivyo, kuna masharti mawili. La kwanza ni uthabiti: mazoezi hayo yafanywe angalau mara mbili kwa wiki, wala si wiki moja tu kabla ya mashindano. La pili ni jicho la kocha. Mchezaji anapotua, sharti akunje magoti, na kila goti lielekee vilipo vidole vya mguu wake, bila kuinama kwa ndani. Anayekosea asahihishwe papo hapo, kwani kurudia kosa ni kulizoesha goti hatari.

Wapo makocha watakaolalama kwamba dakika 20 ni nyingi mno, hasa pale ambapo muda wa michezo ni saa moja tu jioni. Lakini waliwazapo hayo, wakumbuke miezi tisa ambayo mchezaji wao bora anaweza kuitumia akitazama mechi kando ya uwanja akiwa na magongo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.