Je, Wajua? Riwaya za Kutisha, Toka Pango la Kitum hadi Kisima cha Giningi

Msomaji wa Kitale na Bungoma, safu ya leo ni yako wewe upendaye riwaya za kutisha. Nimezisoma kwa miaka mingi, na kipimo changu ni kimoja: hofu ya riwaya nzuri ina kwao. Inajulikana imezaliwa wapi, kwa kosa gani, na nani aliyelilipia. Riwaya isiyojua hayo humshtua msomaji usiku, kufikia asubuhi amekwisha kuisahau. Shika kipimo hicho, tuanze kuhesabu.

Chini ya Mlima Elgon

Je, wajua kwamba kitabu kimoja cha kutisha kilichosomwa dunia nzima kinaanzia papa hapa kwetu? Ni *The Hot Zone* cha Mmarekani Richard Preston, kilichotoka mwaka 1994. Ukurasa wa kwanza tu unakutana na Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma. Mwanzoni mwa Januari 1980 alizuru pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia. Siku chache baadaye akaugua, akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, akafa hospitalini. Virusi vya Marburg ndivyo vilivyomuua. Kisa ni cha kweli, ila kimesukwa kama riwaya.

Je, wajua kwamba Stephen King mwenyewe, bingwa wa riwaya za kutisha wa Marekani, aliitaja sura hiyo ya kwanza kuwa miongoni mwa mambo ya kutisha kabisa aliyowahi kusoma maishani?

Je, wajua kwamba ndovu huingia Kitum gizani kutafuta chumvi? Pango limezama mlimani karibu mita 200. Ndovu hufuatana, ndama wakiwa ubavuni mwa mama zao, wakipapasa njia kwa mikonga kwa sababu huko ndani jicho halina kazi. Wakifika ukutani huuchokonoa mwamba kwa pembe, hutwaa vipande, huvisaga kwa magego na kumeza. Kazi hiyo ya vizazi na vizazi imelipanua pango lenyewe. Ndani kuna ufa ambamo ndama wamewahi kutumbukia wakafia humo. Mwandishi anayetaka kujifunza namna hofu inavyojengwa na aanzie hapo: unasikia mwamba ukivunjwa gizani, na humwoni anayeuvunja.

Je, wajua kwamba mwaka 1988 watafiti wa Kenya na Marekani waliingia Kitum wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga, wakapima wanyama na wadudu wakivitafuta virusi vya Marburg, wakatoka mikono mitupu? Baadaye popo mmoja mla matunda, aliyenaswa humo Julai 2007, alipatikana na chembe za virusi hivyo. Wanasayansi kadhaa wamelalamika kwamba Preston alitia chumvi maelezo ya damu, nami nakubaliana nao. Penye damu nyingi kitabu kinapoa. Kinatisha zaidi pale kinapokuacha pangoni na popo, hujui ni kipi ulichokigusa.

Je, wajua kwamba Oktoba 2017 Marburg ilizuka Kween, upande wa Uganda wa mlima huohuo, ikaua watu watatu? Ndiyo maana hadithi ya pango na popo kwetu haiwezi kuwa ya kupitisha wakati tu.

Je, wajua kwamba Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, aliyaona mapango ya Elgon mwaka 1883 na kukuta watu wakiishi ndani pamoja na mifugo yao? Kabla Mzungu hajayafanya mahali pa kutisha, yalikuwa nyumba za watu. Hilo peke yake latosha kuwa riwaya.

Jioni kwa kukhu

Je, wajua kwamba mtoto wa Bungoma huonja hadithi za kutisha kabla hajajua kusoma? Zimwi la Wabukusu huitwa linani. Anakula watu, na bado anajua kubisha hodi kwa sauti ya mama. Hofu yote ya ngano hiyo imekaa mlangoni: sauti ni ya nyumbani, anayebisha si wa nyumbani. Waandishi wa leo wanaosifiwa kwa kuifanya nyumba itishe wamelikuta jambo hilo likifanywa zamani na akina kukhu, yaani bibi zetu.

Je, wajua kwamba Wakalenjin, majirani zetu, wana chemosit? A. C. Hollis alimweleza katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909: nusu mtu, nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Taa hiyo kwa mbali ndiyo inayomvuta msafiri aliyepotea. Fikiria unatembea usiku kuelekea Cherangani na unaona mwanga wa nyumba.

Je, wajua kwamba wanga wa Magharibi mwa Kenya, wale wanaosemwa kukimbia uchi usiku wa manane, wanajulikana kwa kurusha mchanga na mawe juu ya mabati? Kelele ya mabati saa nane za usiku haihitaji kuelezwa kwa mtu wa huku. Mwandishi akitaja mabati tu, kazi imekwisha.

Je, wajua kwamba Wabukusu wana mtu maalumu wa kusema mbele ya kifo? Ni omuswala kumuse. Mzee wa heshima akizikwa, siku chache baadaye hadhara hukaa pande mbili, naye hupita katikati akienda na kurudi, akisimulia asili ya koo, akionya na kukemea. Riwaya ya kutisha inayotafuta msimulizi haina haja ya kwenda mbali.

Rafu ya Kiswahili

Je, wajua kwamba riwaya ya upelelezi iliyofungua njia katika Kiswahili ina mzimu kwenye jina lake? *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa 1960. Maiti yapatikana mahali pa mizimu, watu wanatetemeka, kisha mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko na kumtafuta muuaji mwenye damu na nyama. Mimi naona somo lake halijachakaa: penye mzimu, uliza nani anafaidika watu wakiogopa.

Je, wajua kwamba mwandishi huyohuyo alitoa *Kisima cha Giningi* mwaka 1968? Giningi, katika masimulizi ya Zanzibar, ni mji wa wachawi usioonekana.

Je, wajua kwamba Mtanzania C. G. Mung'ong'o aliandika juu ya kijana anayerithishwa uchawi na babake? Ni *Mirathi ya Hatari*, ya mwaka 1977. Watu hugombea mashamba, huyu anaachiwa kitu asichoweza kukikataa wala kukiuza. Kwa hofu yenye kwao, naiweka juu kabisa katika rafu hii.

Je, wajua kwamba Said Ahmed Mohamed alimfufua babu ili amwaibishe mjukuu? Katika *Babu Alipofufuka* (2001), mkubwa mmoja aliyeshiba anatokewa na marehemu babu yake na kuonyeshwa dhiki ya watu anaowatawala. Mfu ana haya, aliye hai hana. Naye K. W. Wamitila, katika *Bina-Adamu!* (2002), aliichanganya safari ya ajabu na vitisho vya ulimwengu wa utandawazi. Wote wawili wanatisha kwa sababu wanajua hofu yao inamtumikia nani.

Je, wajua kwamba minong'ono ya mumiani imekuwa somo la historia? Mwaka 2000 Luise White alichapisha *Speaking with Vampires*, kitabu kuhusu wazimamoto walioaminiwa kunyonya watu damu zama za ukoloni, Kenya, Uganda na kwingineko. Aliwasikiliza wazee bila kuwacheka, akaonyesha kwamba uvumi huo ulibeba hasira ya kweli juu ya kazi, ardhi na hospitali za wakoloni.

Majirani wa karibu

Je, wajua kwamba hadithi ya Kiafrika iliyonitisha kuliko zote haina jini hata mmoja? Ni "Tekayo" ya Grace Ogot, katika mkusanyiko wa *Land Without Thunder* (1968). Mzee anaonja ini lililodondoshwa na tai. Ni tamu kuliko chochote alichowahi kula. Anachinja mnyama huyu na yule akiutafuta utamu ule, asiupate. Kisha macho yake yanatua kwa wajukuu waliokuja kucheza kwake. Ogot hapigi kelele. Anaandika kama mtu anayeeleza upishi. Hapo ndipo nywele husimama.

Je, wajua kwamba *Kintu* ya Jennifer Nansubuga Makumbi ilichapishwa kwanza Nairobi? Muswada wake ulishinda shindano la Kwani? mwaka 2013, na kitabu kikatoka 2014. Laana ya mwaka 1750 inafuata ukoo mzima wa Buganda hadi mwaka 2004. Chanzo chake ni kofi moja alilopigwa mtoto wa kulea, akafa, akazikwa bila heshima.

Je, wajua kwamba Dilman Dila, mwandishi wa hadithi za kutisha na za kubuni sayansi, ni mzaliwa wa Tororo, ng'ambo tu ya Malaba? Mkusanyiko wake *A Killing in the Sun* ulitoka 2014. Kutoka mjini Bungoma, Tororo ni karibu kuliko Nakuru mara nyingi.

Je, wajua kwamba Mombasa nayo imo? *The House of Rust* ya Khadija Abdalla Bajaber (2021) inampeleka binti baharini kati ya majitu ya kilindini kumtafuta baba yake mvuvi, na mwaka 2022 ilipata tuzo ya kwanza ya Ursula K. Le Guin. Mwaka huohuo wa 2022, Mkenya Okwiri Oduor alitoa *Things They Lost*, penye mizuka na mama asiyekaa nyumbani. Kwa Oduor, mama huyo anauma zaidi ya mizuka.

Ng'ambo

Je, wajua kwamba *Frankenstein* ina deni kwa volkano? Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka 1815, vumbi likaziba jua, na mwaka 1816 Ulaya ikakosa kiangazi. Mary Shelley, msichana wa miaka 18 aliyefungiwa ndani na mvua, akaanza kuandika. Kitabu kilitoka 1818.

Je, wajua kwamba jitu la *Frankenstein* limezaliwa upya Iraki? Ahmed Saadawi, katika riwaya yake iliyoshinda tuzo kuu ya riwaya za Kiarabu mwaka 2014, anamwandika mchuuzi wa Baghdad anayeokota viungo vya waliolipuliwa na mabomu na kuvishona viwe maiti moja inayostahili kuzikwa.

Je, wajua kwamba tuzo ya Bram Stoker, inayotolewa na waandishi wa kutisha wa Marekani, ni sanamu ya kijumba cha mashetani? Kina mlango mdogo. Ukiufungua unakuta jina la mshindi ndani. Mnigeria Nuzo Onoh alitunukiwa ile ya mchango wa maisha kwa mwaka 2022.

Je, wajua kwamba *The Reformatory* ya Tananarive Due (2023) imetokana na kifo cha kijana wa ukoo wa mama yake, aliyefia mwaka 1937 katika shule ya kurekebisha watoto huko Florida? Mizuka ya watoto imejaa humo, lakini anayekutia baridi ni msimamizi wa shule. Na Stephen Graham Jones, wa kabila la Blackfeet, katika *The Only Good Indians* (2020) anawarudishia wawindaji roho ya kulungu mwenye mimba waliyemuua pasipo ruhusa. Hizi mbili mtu wa chini ya Elgon atazielewa bila mkalimani.

Neno la tahadhari

Je, wajua kwamba Kenya ina sheria ya uchawi tangu 1925, na kwamba Mei 2008 watu 11, wengi wao ajuza, walichomwa moto Kisii kwa kushukiwa uchawi? Kwa sababu hiyo sina subira na riwaya inayomfanya bibi mpweke wa kijijini kuwa mchawi ili tu msomaji aruke kitini. Hofu ya namna hiyo hununuliwa kwa bei ya chini na kulipwa na mtu mwingine. *Kintu* inafungua kwa kundi la watu likimuua mtu asiye na kosa. Hapo mwandishi amejua mahali pa kuelekeza kidole.

Je, wajua kwamba mwandishi Ken Walibora alizaliwa Bungoma na kuzikwa Trans Nzoia mwaka 2020? Katika *Siku Njema* (1996) alimleta kijana kutoka Tanga hadi Kitale kumsaka baba yake, na katika *Kufa Kuzikana* (2003) akaeleza jinsi majirani wanavyogeukana kwa ukabila. Aliiweka Kitale katika ramani ya riwaya ya Kiswahili. Hakuogopa kuandika kile kilichowatisha watu wake kweli.

Basi wewe kijana wa Kimilili, Endebess, Webuye au Kiminini unayeandika nyuma ya daftari la shule: Kitum imekwisha kuandikwa kwa Kiingereza na mgeni aliyekuja kuitazama. Tuandikie ya Kiswahili wewe uliyezaliwa karibu nayo. Tupe ndovu, mabati na sauti ya linani mlangoni, utuambie kosa ni la nani. Na wewe msomaji, kitabu hicho kikitoka, kinunue.