Je, Wajua? Diski Ikifa, Data Inabaki

Je, wajua kwamba kompyuta ya Linux inaweza kufiwa na diski nzima na kazi ikaendelea kama kawaida? Mbinu hiyo, RAID, ilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: badala ya diski moja kubwa ya bei mbaya, unganisha kadhaa za bei nafuu. Kwenye Linux huhitaji kadi maalumu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, yenyewe inatosha, nawe unaiamuru kwa programu ya mdadm.

Chukua RAID 5, aina mojawapo ya RAID, ya diski tatu za terabaiti 4. Utapata nafasi ya terabaiti 8 tu, kwani kiasi cha diski moja huliwa na hesabu za ulinzi. Hesabu zenyewe ni nyepesi ajabu: biti 1 na 0 huandikiwa 1, 1 na 1 huandikiwa 0. Diski moja ikifa, mbili zilizobaki hukokotoa kilichopotea.

Kujua hali ya diski zako, fungua faili /proc/mdstat. Ukiona [UUU], zote ni nzima. Ukiona [UU_], nunua diski leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Ila ukifuta faili kwa bahati mbaya, RAID nayo huitii amri hiyo papo hapo. Nakala za akiba ziweke kwingine.